Mshono Usioonekana

Mimi ni mchomeleaji, Nyakato, kibanda cha tatu toka barabarani.
Mageti, vitanda, majiko,
mara moja tangi la dizeli la boti ya Ukerewe.
Mshono naujua. Mshono mzuri hulala kama magamba ya sato,
moja juu ya jingine, bila mate ya chuma pembeni.
Kwa hiyo waliponiwekea taya kiganjani
nilitafuta mshono kwanza.

Haukuwepo.

Taya la dada yangu Nyanzobe, upande wa kulia,
limekuja kwenye boksi lenye stika za viwanja vya ndege,
jepesi kuliko kikombe cha chai,
kijivu kama ziwa dakika tano kabla ya mvua,
na lina vitundu vitundu
ili mfupa wake mwenyewe upate pa kushika.

Nikauliza: nani kalichomelea?
Daktari Kokuhirwa akasema: elektroni.
Nikasema: huyo fundi yuko wapi?
Hakucheka, Mungu ambariki. Akachora nyuma ya fomu ya kulazwa
chumba kisicho na hewa hata ya kuzimia kiberiti,
unga wa titani umetandazwa mwembamba kama poda ya mtoto,
halafu mwale, unapindwa kwa sumaku,
unayeyusha pale tu ulipoamriwa.
Unga tena. Mwale tena.
Usiku kucha, tabaka juu ya tabaka,
hakuna mkono, hakuna moshi,
hakuna cheche ya kutoboa suruali.

Nikatazama vidole vyangu, makovu yake.
Kwangu umeme hukatika katikati ya bawaba.

Bei siitaji. Kiwanja cha Kisesa kilikwenda, na bado tunadaiwa.

Uvimbe ulianza kama punje ya mtama chini ya gego.
Waliukata pamoja na mfupa wake,
shavu likashuka kama turubai lililong'olewa nguzo.
Miaka mitatu Nyanzobe alisema nasi kupitia kanga.
Pale Kirumba, kwenye meza yake ya dagaa,
wateja walipokea chenji wakitazama miguu yao.
Mtoto mmoja aliuliza. Mama yake akamfinya.

Mimi pia nina kitu cha kuficha uso, cha kioo cheusi.
Lakini changu nakitundika msumarini saa kumi na mbili jioni.

Walipima upande wa kushoto, ule mzima,
wakaugeuza
kama jabali linavyogeuka ndani ya maji pale ufukweni,
wakapata wa kulia.
Ndivyo nilivyoelewa mimi.

Siku ya upasuaji nilikaa benchi moja tangu asubuhi.
Nilinunua muhogo wa kukaanga,
nikaona haya kutafuna.

Mwezi wa sita, na meno yamekwisha kupandwa,
kanga ikashuka mabegani.
Mama alikuja kutoka Magu na ndoo ya furu wakavu.
Akamshika kidevu, akakielekeza dirishani,
akamkagua kama anayekagua noti.
"Umependeza," akasema.
Akanyamaza.
"Ila mwanangu alikuwa anacheka kiupande."

Kweli. Kulia palikuwa na upogo mdogo,
tulimtania nao tangu anachunga ndama.
Mashine haikuujua. Ingeujuaje?
Kushoto hakukuwa na habari zake.
Nikawaza, nikaona aibu kuwaza:
ningelichomelea mimi, lingekuwa zito, lingeshika kutu,
lakini pale ningepakosea sawasawa.

Nyanzobe hakumjibu mtu.
Alichukua furu mmoja, mzima na kichwa chake,
akamsukuma kwa ulimi
kulia.

Tulitulia wote, hata redio ya jirani.
Kah. Mfupa mdogo juu ya unga ulioyeyushwa ugenini.
Akatafuna polepole, macho kwenye bati la dari,
akameza.

"Mama," akasema,
"chumvi imezidi."